Nusu Mwaka Uliopungua

Bili yangu ya kwanza ya chuo niliisoma nikiwa kituo cha basi, Agosti 2016, jua la saa nane mchana likinipiga utosini. Somo lilikuwa moja tu, Kiingereza, yuniti 3. Mstari wa kwanza ulisema dola 138, nami nikaafiki, maana vyuo vya jamii vya California, yaani vile vya umma vya miaka miwili, vilikuwa vikitoza dola 46 kwa yuniti na hesabu hiyo nilishaipiga nyumbani. Mstari wa pili ulisema dola 705. Kando yake waliandika sababu: si mkaazi.

Nilikuwa nimeishi California miaka miwili na miezi saba. Diploma yangu ilikuwa ya sekondari ya California, na kofia ya mahafali ilikuwa bado inaning'inia kwenye kitasa cha kabati. Nikageuza karatasi nikatazama nyuma, nikidhani labda maelezo yako huko. Nyuma kulikuwa kweupe.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Niliondoka nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza mtihani wa Kidato cha Pili. Mama alinichukua tukaja kwa mama mdogo, kusini mwa California, upande wa bara kutoka Los Angeles, huko ambako joto la Septemba linaweza kukaanga yai kwenye lami. Tuliingia kwa viza ya matembezi. Yaliyofuata mlioko huku mnayajua: viza iliisha, sisi tukabaki, mama akaanza kubeba boksi. Boksi lake lilikuwa wazee wa kuogesha na kulisha usiku kucha. Mimi nikapelekwa shule.

Shule haikuuliza makaratasi. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua tangu 1982, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba mtoto hafungiwi mlango wa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Walichotaka ni kadi ya chanjo, uthibitisho wa mahali tunapoishi, na ripoti ya shule niliyotoka. Wakaniweka darasa la 10, muhula wa pili, Januari 2014. Masomo yangu ya Tanga waliyapitia moja moja na mengi wakayakubali. Kiswahili walikihesabu kuwa lugha ya kigeni niliyofaulu, na mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo Juni 2016 nilimaliza na wenzangu, sikurudishwa nyuma hata siku moja.

Tukashangilia. Hatukujua kwamba yale masomo ya Tanga yaliyonivusha haraka ndiyo yaliyoniachia shimo.

*

Kabla hata sijaenda chuoni, ushauri ulikuwa umeshajaa nyumbani. Watanzania tukikutana kwenye msiba au arobaini, kila mmoja ni wakili. Mzee mmoja alimwambia mama, "Subirini mwaka mmoja na siku moja, binti atakuwa mkaazi, atalipa kama wenyeji." Alikuwa anasema kweli yake. Yeye aliingia kwa bahati nasibu ya viza, ana kadi ya kijani, na kwa mtu kama yeye ndivyo ilivyo: unakaa jimboni zaidi ya mwaka mmoja kabla ya muhula kuanza, unaonyesha leseni, kodi na mkataba wa nyumba, wanakubadilisha. Mimi ningeweza kusubiri mpaka nizeeke. Kwa asiye na makaratasi ile saa ya ukaazi wa ada haianzi kabisa kuhesabu.

Mwingine akasema niombe DACA, mpango wa shirikisho wa kuwakinga na kurudishwa makwao walioletwa Marekani wakiwa watoto. Tukaichunguza wiki nzima, hadi tukakuta kwamba DACA, iliyotangazwa 2012, inamtaka mtu awe amekuwepo Marekani tangu Juni 2007. Juni 2007 mimi nilikuwa darasa la tatu pale Tanga, naimba hesabu za kujumlisha.

Aliyetuelekeza njia yenyewe alikuwa mshauri wa shuleni, mama mmoja mtaratibu. Aliandika herufi mbili na tarakimu tatu kwenye kikaratasi cha njano: AB 540, jina la sheria ya California. Akaniambia nikaombe msamaha wa ada ya wasio wakaazi, fomu ni ya ukurasa mmoja.

Hapa niliharibu la kwanza, na nalitaja kwa sababu nimeona wengi wakiliharibu vilevile. Kwenye maombi ya mtandaoni kuna sehemu ya kusema una hali gani ya uhamiaji. Niliogopa kuacha wazi, niliogopa kuandika sina, basi nikachagua viza ya mwanafunzi, nikidhani ndiyo inayosikika kwa adabu. Kompyuta ikanipeleka moja kwa moja kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Baada ya siku tatu napokea barua pepe wanataka taarifa ya benki ya kuonyesha kwamba naweza kugharimia mwaka mzima. Mama aliisoma, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, benki gani hiyo?"

Ilinichukua karibu wiki mbili kujitoa kwenye lile faili. Na hatari yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyoelewa wakati ule, kwa sababu mwenye viza halali ya muda, ya mwanafunzi, ya matembezi au ya mzazi aliyekuja kusoma, hapati msamaha huu. Nimemshuhudia kijana mmoja, baba yake akifanya shahada ya uzamivu, kasoma sekondari California miaka minne bila kukosa, akakataliwa kwa sababu viza yake ya mtegemezi ilikuwa bado hai. Sisi tulioharibikiwa tunasamehewa, aliyefuata taratibu analipa. Baba yake aliniuliza kama hiyo ni haki. Nilimwambia sioni haki hapo, na mpaka leo sijapata jibu jingine.

*

Dirishani kwa ofisi ya usajili nilipanga foleni dakika hamsini. Karani alichukua transkripti yangu, yaani rekodi rasmi ya masomo ya sekondari, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akaanza kuhesabu mihula kwa ncha ya kalamu. Darasa la 10, mmoja. Darasa la 11, miwili. Darasa la 12, miwili. Mitano. Akarudia, akakuta mitano.

"Sheria inataka miaka mitatu," akasema. "Hii ni miwili na nusu."

Nikamwambia nimemaliza, diploma hii hapa. Akasema diploma ni sharti moja na miaka mitatu ni sharti jingine, navyo haviazimani. Nikamwambia Kidato cha Kwanza na cha Pili nimesoma, shule yenyewe imevikubali. Akanitazama kama mtu aliyewahi kusema maneno hayo mara nyingi: "Vilikubaliwa. Lakini havikusomwa California."

Kisha, kana kwamba ananipa pole, akaniambia nirudi nikiwa na kadi ya kijani. Baadaye nilijua hata hilo halikuwa sahihi, maana msamaha huu ulitungwa kwa ajili ya watu wasio nayo. Ila hesabu yake ya mihula ilikuwa sawasawa, na ndiyo iliyonifunga.

Nililipa zile dola 843 kwa somo moja. Mama alikopa 400 kwa mama mdogo. Nilipata A, A ya gharama kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Yuniti 12, ambazo ndizo mwanafunzi wa kawaida huchukua kwa muhula, zingekuwa dola 552 kwa mwenyeji na 3,372 kwangu. Hatukujadili. Ilikuwa wazi kwamba muhula wa pili haupo.

*

Nikaenda shule ya watu wazima. Sikuwa na mkakati wowote, nilitaka tu nisikae nyumbani nikihesabu feni inavyozunguka. Ilikuwa ya wilaya, bure, kwenye majengo ya mbao nyuma ya shule ya msingi, na madarasa yalianza saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Nilichukua Kiingereza cha juu na kompyuta za ofisini. Wanafunzi wenzangu walikuwa akina mama wa Guatemala na El Salvador waliotoka kazini na aproni bado mfukoni, na mzee mmoja wa Vietnam aliyekuwa akileta machungwa ya nyumbani kwake na kuyapanga mezani kwa mwalimu, mawili mawili.

Mlangoni kulikuwa na kompyuta ndogo ya kujisajili. Unaingiza namba yako ukifika, unaingiza tena ukitoka. Mimi niliiona kama adha. Siku nyingine nilichelewa basi nikapita bila kuigusa, siku nyingine ilikuwa imezima, mwalimu akapitisha karatasi tukaweka sahihi. Nilidhani wanahesabu vichwa ili wapate ruzuku yao. Kwa kweli ndivyo walivyokuwa wakifanya. Ila ile kompyuta ilikuwa pia inaniandikia kesi yangu, bila mimi kujua.

Septemba 2017 serikali ya shirikisho ikatangaza kuifuta DACA, na hofu ikaingia hata kwa sisi ambao haikutuhusu. Mama alianza kuzima taa ya sebuleni mapema. Ndani ya hofu hiyo, Oktoba, gavana Jerry Brown akatia sahihi sheria iitwayo SB 68, iliyopelekwa na seneta Ricardo Lara. Niliisikia kwa mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza, aliyenipigia simu jioni moja. "Bado una zile saa zako?" akauliza. Sikuelewa saa zipi. Nikatazama mkono.

Akanieleza. Kuanzia 1 Januari 2018 ile miaka mitatu haikuhitaji kuwa ya sekondari peke yake. Ungeweza kuchanganya sekondari, shule ya watu wazima na chuo cha jamii. Kwa shule ya watu wazima, mwaka mmoja kamili ulikuwa saa 420 za kuhudhuria.

Nilihitaji nusu mwaka, nami nilikuwa nimesoma Septemba mpaka Juni. Nilienda ofisini kwao kesho yake asubuhi, nimevaa nguo ya Ijumaa.

Rekodi ilisema saa 412.

*

Nane. Saa nane tu, yaani zile jioni nilizopita mlangoni nikiwa na haraka. Nilimuuliza mhudumu kama nusu mwaka si wa saa 210, akasema yeye hatafsiri sheria, yeye anatoa namba. Na nilijua karani wa chuo, yule wa rula, angeona 412 na 420 na asingetaka mjadala.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale barazani nikajaribu kukumbuka mwaka mzima. Kilichonijia ni machungwa. Kulikuwa na wiki, mwezi wa tatu, yule mzee wa Vietnam alileta machungwa mengi mno akatugawia wote, na nakumbuka nilitia sahihi karatasi ya mahudhurio kwa vidole vinavyonata, mwalimu akacheka kwa sababu nililowesha jina la mtu wa juu yangu. Karatasi. Kompyuta ya mlangoni ilikuwa mbovu wiki ile.

Nikarudi ndani nikauliza karatasi za mahudhurio za Machi ziko wapi. Mhudumu akaenda chumba cha nyuma, akakaa huko, akarudi na boksi la kahawia lenye mkanda. Tulizipekua pamoja. Tulizikuta karatasi saba, za wiki ile na siku mbili za wiki iliyofuata, hazikuwahi kuingizwa kwenye mfumo. Kwenye moja kulikuwa na doa la rangi ya machungwa juu ya jina la María fulani, na chini yake sahihi yangu. Mwalimu aliandika barua fupi ya kuthibitisha, saa 19 zikaongezwa, na rekodi mpya ikatoka ikisema 431.

Niliomba nakala tatu rasmi, kila moja kwenye bahasha yake, zimefungwa na mhuri juu ya mkunjo. Kwa nini tatu sijui. Labda ni uoga wa maskini, ambaye kitu kikipatikana hataki kiwe kimoja.

Ya sekondari nayo niliiagiza, ikaletwa kwa posta nikiwa kazini. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mezani, miwani usoni, bahasha imechanwa vizuri kwa kisu, anasoma alama zangu za historia. "Hukuniambia ulipata hizi," akasema, amefurahi kweli. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ikishafunguliwa chuo hakiipokei. Nilisoma naye mpaka mwisho, kesho yake nikalipia nyingine.

*

Fomu yenyewe tuliijaza usiku, mimi na mama. Ukurasa mmoja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mwanafunzi, shule ulizosoma na tarehe zake, kisha visanduku vya kuweka alama. Haitaki namba ya hifadhi ya jamii. Haitaki paspoti. Lakini kuna mahali asiye na makaratasi anakiri kuwa hana, na anaahidi kwamba ameomba, au ataomba, kuhalalisha hali yake pindi tu atakapostahili. Chini kabisa unatia sahihi, kwa kiapo, kwamba ukisema uongo sheria ikushughulikie.

Mama alinisimamisha hapo. "Kwa hiyo unajiandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba huna, halafu unawapelekea serikali?"

Nilimweleza niliyoambiwa: fomu inakaa kwenye faili la mwanafunzi, na faili la mwanafunzi lina ulinzi wa sheria ya shirikisho ya siri za elimu, chuo hakiligawi hovyo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika wa kadiri mtu anavyoweza kuwa nao. Akanyamaza. Nikasikia jokofu likiguruma. Kisha akasema, "Haya. Andika vizuri basi, usije ukakosea spelingi ya jina la babu yako." Nikatia sahihi.

Dirishani, Januari 2018, nilimkuta mbele yangu kijana mweupe, kofia ya besiboli, ameshika fomu ileile. Nilishtuka hata nikadhani nimeshika isiyo yangu. Tukaongea. Yeye alizaliwa California, kasoma hapo hadi darasa la 12, kisha familia ikahamia Nevada miaka kadhaa. Sasa karudi kusoma, kwa sheria ya ukaazi ni mtu wa Nevada, lakini sekondari yake ya California inampa msamaha sawa na wangu. Alikuwa na paspoti ya Marekani na foleni yetu ilikuwa moja.

Ni kwa sababu yake nilikwenda kuisoma historia ya jambo hili, ambayo hakuna aliyewahi kunieleza. Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayokataza jimbo kumpa asiye na makaratasi nafuu ya chuo kwa kigezo cha ukaazi, ila kama raia wa jimbo lolote naye anaweza kuipata. California, mwaka 2001, kwa mswada wa mbunge Marco Firebaugh, ikapita pembeni: haikugusa ukaazi kabisa, ikauliza tu ulisoma wapi na kwa muda gani. Walishtakiwa na wanafunzi wa majimbo mengine, kesi ikafika Mahakama Kuu ya California, na mwaka 2010 majaji wakaikubali hoja hiyohiyo, kwamba kigezo ni shule na raia kama yule wa Nevada wananufaika vilevile. Yaani yule kijana wa kofia, bila kujua, alikuwa sehemu ya nguzo iliyonishikia paa.

Ndiyo maana hata baada ya kukubaliwa, kwenye faili mimi nilibaki "si mkaazi". Wengi hushtuka wakiona hivyo na kurudi dirishani kugomba. Usigombe. Msamaha haukubadilishi jina, unafuta ule mstari wa pili wa bili basi.

Karani hakuwa yule wa mwanzo. Alifungua bahasha zangu mwenyewe kwa kisu, akasoma 431, akaandika kitu, akaniambia nisubiri barua pepe. Ilikuja baada ya siku tisa. Nilichukua yuniti 12, bili ikaja dola 552 na vijiada vya afya na maegesho, ingawa gari sikuwa nalo. Kisha nikagundua hata zile 552 zinaweza kuondoka: aliyepata AB 540 anaruhusiwa pia kuomba msaada wa jimbo kwa maombi yanayoitwa California Dream Act, tofauti kabisa na FAFSA, maombi ya msaada wa shirikisho, ambayo asiye na makaratasi hayamhusu, na kwenye vyuo vya jamii kuna ruzuku inayofuta ada ya yuniti kwa wenye kipato kidogo. Tarehe ya mwisho ya kuomba ruzuku nyingi za jimbo ilikuwa 2 Machi. Mwaka ule niliiwahi kwa siku moja.

*

Nilihamia chuo kikuu cha jimbo msimu wa vuli 2020. Nilidhani msamaha unanifuata kama kivuli. Haukunifuata. Kila chuo kinataka fomu yake na rekodi zake upya, na bili ya kwanza ya huko ilikuja na ada ya wageni ya dola 396 kwa kila yuniti juu ya ada ya kawaida: kwa yuniti 12, dola 4,752 zaidi kwa muhula mmoja. Safari hii sikukaa chini. Tatizo ni kwamba ulikuwa Julai, mwaka wa korona, ile shule ya watu wazima imefungwa, simu inaita hadi inakata. Nikainua godoro la mama. Chini yake, pamoja na hati za kiwanja cha Pongwe, zilikuwepo bahasha mbili zenye mhuri, za mwaka 2018, hazijaguswa.

Ndugu wa Houston na Dallas huniandikia wakitaka niwape hatua. Huwa nawaambia wasinifuate mimi. Texas ilikuwa ya mwanzo kabisa kuwa na sheria ya namna hii, mwaka huohuo 2001, na Juni 2025 jaji wa shirikisho akaizuia baada ya serikali ya Washington kuishtaki na jimbo lenyewe kukubali siku hiyohiyo. Kila jimbo lina yake, na yaliyo kweli mwezi huu huenda mwezi ujao yamegeuka. Uliza ofisi ya chuo unachokwenda, na ukiambiwa hapana, omba wakuonyeshe sharti gani limepungua na kwa kiasi gani. Mimi niliambiwa kiasi. Nusu mwaka ni kitu cha kutafuta. "Rudi na kadi ya kijani" hakikuwa kitu cha kutafuta.

Sasa ni mimi ninayeitwa mama mdogo. Kijana wa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuja akaanza darasa la 10 Agosti 2022. Siku ile ile nilimpigia simu nikamtaka aniambie tarehe kamili ya kuingia darasani, akaona nimechanganyikiwa. Amemaliza Juni 2025, mihula sita, miaka mitatu juu ya alama. Nilimwelekeza kila kitu, fomu, visanduku, mhuri.

Wiki iliyopita akanitumia ujumbe: "Shikamoo ma'mdogo, transkripti imefika, angalia!" Na picha. Karatasi imetandazwa mezani, alama zote zinasomeka, na pembeni yake bahasha iliyochanwa vizuri kwa kisu. Kwenye kona ya picha unaona mkono wa mama yangu, umeshika miwani.

Nimemwambia aagize nyingine mbili.